Aria Nje ya Opera Yake: Mhadhara wa Kufungulia Tamasha la Uimbaji, Kampala

Wazee wetu, walimu wenzangu, mabibi na mabwana, itifaki yote imezingatiwa. Nimepewa robo saa kabla waimbaji hawajaingia, na nimeombwa niitumie kwa Kiswahili kwa kuwa humu ukumbini wamo wageni wetu kutoka Kenya, Tanzania na Kongo. Nimekubali kwa furaha, maana hapa Uganda, hata baada ya Baraza la Mawaziri kuidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2022, bado wapo wanaodhani kwamba ni lugha ya kambini na sokoni tu.

Jana mchana nilihudhuria mazoezi yao. Tenor, yaani mwimbaji wa sauti ya juu ya kiume, alikuwa katikati ya aria, wimbo wa mtu mmoja ndani ya opera, ambayo ni hadithi inayoigizwa kwa kuimbwa, umeme ulipokatika, na dakika chache baadaye jenereta likawashwa nje ya dirisha, likaanza kunguruma kiasi cha kutikisa vioo. Piano ilizama papo hapo. Kutoka kiti cha nyuma nilikokaa, karibu na mlango, niliona vidole vya mpiga piano vikitembea bila kusikia zaidi ya nusu ya alichokuwa akipiga. Tenor hakuongeza nguvu wala hakukaza shingo, na bado nilimsikia neno kwa neno.

Jambo hilo lina maelezo yake. Tangu mtunzi Monteverdi alipoonyesha opera yake L'Orfeo mjini Mantova mwaka 1607, okestra ya opera imeendelea kukua, nayo sauti ya mtu mmoja, isiyo na kipaza sauti, imelazimika kutafuta pa kupita. Okestra humwaga sehemu kubwa ya nguvu zake chini, karibu na mitetemo 500 kwa sekunde. Mwimbaji aliyefunzwa hushusha zoloto lake na kubana kidogo njia iliyo juu tu ya nyuzi za sauti, na kwa kufanya hivyo hukusanya sehemu ya sauti yake karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra ni dhaifu na sikio la binadamu ni jepesi mno. Hashindani na ngurumo bali hupita juu yake. Jenereta letu la jana lilinguruma chini kama okestra, na kwa hiyo piano ilimezwa lakini tenor akapita. Waliolelewa katika kwaya za makanisa, kama mimi, watakumbuka kwamba kwetu sauti inayojitokeza namna hiyo hukemewa, kwa kuwa kwaya hutaka sauti zichanganyike. Si ajabu basi kwamba mwanakwaya hodari anapoanza kujifunza aria huhitaji muda mrefu wa kuacha adabu aliyofundishwa utotoni.

Hata hivyo, sauti ndiyo sehemu rahisi ya jioni hii. Sehemu ngumu ni kwamba kila aria mtakayoisikia imeng'olewa katika hadithi yake, na mwimbaji anasimama kando ya piano akiwa na nguo zake za kawaida, bila jukwaa lililopambwa, bila mtu wa kumjibu. Chukueni “O mio babbino caro” ya mtunzi Mwitalia Puccini, kutoka Gianni Schicchi, opera iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 1918. Nimeisikia ikiimbwa harusini hapa Kampala, taratibu, kama sala, na wageni wakafuta machozi. Ukweli ni kwamba binti Lauretta anambembeleza baba yake kwa kumtishia: asipopewa kijana anayempenda, atakwenda kwenye daraja la Ponte Vecchio ajitupe mtoni Arno. Baba analainika, anaingia katika njama ya kughushi wosia wa marehemu, na mali bora ya marehemu inaishia mikononi mwake. Sisi tunaozijua kesi za mirathi tungepaswa kucheka. Soprano wa leo, mwimbaji wetu wa sauti ya juu ya kike, anaijua hadithi hiyo, na jana nilimwona, alipofika kwenye neno la mto, akiinua jicho moja pembeni kumwangalia baba asiyekuwepo, kuona kama maneno yamemwingia. Aria nzima ilikuwa katika jicho lile.

Juu ya aria ya Malkia wa Usiku, katika opera ya Mozart iliyoonyeshwa Vienna mwaka 1791, sitasema mengi, maana inajisemea. Inapanda hadi mitetemo takriban 1,400 kwa sekunde, na Mozart aliiandika kwa koo alilolijua vizuri, la shemeji yake Josepha Hofer. Tangu hapo masoprano wa dunia nzima wanalipa deni la shemeji huyo.

Nataka nikae zaidi kwenye maneno. Katika Kiswahili, barabara ya magari na kazi iliyofanywa barabara hutofautishwa na mkazo peke yake, na mtunzi akiuweka mkazo mahali pasipo pake hutufanya tucheke bila yeye kukusudia. Luganda ni kali zaidi, kwa kuwa kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana, na tenzi nyingi zilizotafsiriwa ili ziimbwe kwa tuni za Ulaya zilikanyaga maana hiyo. Mtunzi wetu Joseph Kyagambiddwa alilielewa tatizo hili. Katika oratorio yake juu ya mashahidi wa Uganda, waliotangazwa watakatifu mjini Roma mwaka 1964, wimbo unaifuata lugha. Oratorio husimulia bila mavazi wala mapambo, kama tamasha la leo, na kwa maoni yangu hakuna shule bora zaidi ya aria kwa sikio la Kiganda.

Wazazi wengi huniuliza kama njia hii ina mwisho wowote kwa kijana wa Kiafrika. Huwaambia habari za soprano Pretty Yende wa Afrika Kusini, aliyesikia wimbo wa wanawake wawili kutoka opera Lakmé ya mtunzi Delibes katika tangazo la shirika la ndege kwenye televisheni, akamwuliza mwalimu wake ni kitu gani kile. Mwaka 2023 aliimba katika kutawazwa kwa Mfalme Charles wa Tatu, London.

Neno la mwisho ni la mpiga piano, ambaye kwa vidole kumi anabeba kazi ya okestra nzima, na ambaye wapiga makofi humsahau. Mtazameni anavyovuta pumzi pamoja na mwimbaji kabla ya kila kifungu. Jenereta limehamishiwa nyuma ya jengo kwa ajili yake.

Naona soprano yuko mlangoni. Naomba kijana wa mitambo aje akiondoe kipaza sauti hiki. Nilikihitaji mimi tu.