Risasi Inapojifanya Kalsiamu

Mabibi na mabwana, nikisema risasi simaanishi ile ya bunduki, ingawa jina ni hilohilo na madini ni yayo hayo. Nasema ile inayoingia mwilini kimyakimya, kwa vumbi la rangi kuukuu au mabaki ya betri. Ikifika kwenye damu, zaidi ya asilimia 95 hujichimbia ndani ya chembe nyekundu.

Sasa tuitazame chembe moja tu. Haina kiini, haina mitokondria. Ni kifuko cha himoglobini, protini inayobeba oksijeni, chenye siku 120 za kuishi. Nje yake kalsiamu huru imejaa, ndani karibu haipo: tofauti inapita mara 10,000. Utando wake huvuja saa zote, kwa hiyo kinachoiokoa ni pampu, protini inayotumia ATP, yaani nishati ya seli, kuitupa kalsiamu nje. Umewahi kumwona mtu anafua maji kwenye ngalawa inayovuja? Ndiyo kazi yake hiyo, wala hapumziki.

Risasi nayo inakuja na chaji mbili chanya, kama kalsiamu, na ukubwa usiopishana sana. Pampu huibeba ikidhani ni mzigo wake. Ikizidi, kazi ya pampu inazorota, na kalsiamu inaanza kupanda ndani.

Hapo ndipo pananivutia mimi. Mwaka 1958 György Gárdos, mtafiti wa Hungaria, alionyesha kwamba kalsiamu ikipanda ndani ya chembe, potasiamu hutoka mbio. Kuna mlango kwenye utando unaofunguliwa na kalsiamu, na leo unaitwa kwa jina lake. Risasi huufungua hata yenyewe, bila kuisubiri kalsiamu! Potasiamu ikitoka, maji hufuata. Chembe inanywea, inakakamaa. Na hii ni chembe inayotakiwa kujikunja ipenye mishipa myembamba kuliko yenyewe. Isitoshe, mafuta ya upande wa ndani wa utando yanageukia nje, na seli walaji zikiyaona zinaimeza.

Vitabu vingi vikieleza upungufu wa damu wa risasi hukazania vimeng'enya vya kutengeneza himu, ile sehemu ya himoglobini yenye chuma. Ni kweli, lakini chembe zilizokwisha kutengenezwa nazo zinakufa kabla ya siku zao.

Chembe ikimezwa, risasi yake haifi nayo. Sehemu kubwa huishia mifupani, ambako pia hupokewa kama kalsiamu, na hukaa humo miongo, ikirudi kwenye damu kidogo kidogo.