Uzito wa nyuma wa trekta lenye loda: pipa la zege, hatua kwa hatua

Karibuni sana. Leo tunatengeneza pipa la zege la kilo 480 hivi, la kuning'iniza kwenye mikono mitatu ya nyuma ya trekta, ili loda, yaani mikono ya mbele yenye ndoo, inyanyue mzigo mzito bila mkia kuruka. Vipimo nitakavyotaja ni vya trekta dogo la kategoria ya 1 (kategoria ni saizi ya mikono hiyo na pini zake): pini za chini milimita 22, pini ya juu milimita 19. Trekta lako likiwa la kategoria ya 2, pini ni 28 na 25, lakini kazi ni ileile.

Kabla ya kushika grainda, nisikilizeni kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Chukua trekta lenye mita 1.7 kutoka ekseli hadi ekseli. Ndoo ina kilo 500, na kitovu cha mzigo kiko mita 1.2 mbele ya ekseli ya mbele. Mzigo huo unaondoa kilo 353 kwenye magurudumu ya nyuma, na ekseli ya mbele inabeba kilo 853 za ziada. Nyuma kukiwa kwepesi unapoteza breki, kwa sababu matrekta mengi madogo yana breki za nyuma tu. Halafu ekseli ya mbele inacheza juu ya pini moja ya katikati, kwa hiyo kinachozuia trekta lisilale ubavu ni magurudumu ya nyuma. Yakielea, hakuna kinachozuia.

Sasa funga kilo 480 mita 0.9 nyuma ya ekseli ya nyuma. Magurudumu ya nyuma yanapata kilo 381 zaidi ya yalivyokuwa trekta likiwa tupu, na ekseli ya mbele inabaki na 599 za ziada badala ya 853. Kilo hizohizo 480 ukiziweka ndani ya matairi ya nyuma, mkia unatulia, lakini mbele bado ni 853 zilezile. Maji ya tairi ni mazuri, nitayagusia, ila hayaipunguzii ekseli ya mbele hata kilo moja. Pipa linaipunguzia.

Fungua kitabu cha trekta uone mikono ya nyuma inanyanyua kilo ngapi na mtengenezaji anataka uzito gani nyuma. Kikisema 300, usijaze pipa lote.

Pipa ni la chuma, lita 200. Msichukue pipa lililokuwa na petroli au tina ya rangi. Mvuke uliobaki unalipuka cheche ya grainda ikiingia, hata kama pipa linaonekana kavu. Tafuta lililobeba kitu kisichowaka. Likate libaki na kimo cha sentimita 78, usafishe kingo.

Fremu: bomba la mraba la milimita 60 kwa 60, unene 6, urefu sentimita 68. Kila mwisho chomelea bamba la milimita 10 lenye tundu, na nati iwe imeshachomelewa upande wa ndani, ili pini iingie kwa uzi. Pini yenyewe usiichomelee. Chuma chake kimeimarishwa kwa moto, na joto la kuchomelea linakifanya kipasuke. Kwa nini mraba? Bomba la duara linazunguka ndani ya zege baada ya miezi michache. La mraba halina pa kwenda.

Katikati ya bomba simamisha mabamba mawili ya milimita 10, yaachane milimita 50 hivi ili kichwa cha mkono wa juu kiingie. Tundu la juu liwe sentimita 46 kutoka mstari wa pini za chini. Chomelea na vipande viwili vya nondo kwenye bomba, vikitazama chini, vishike zege.

Toboa madirisha mawili pipani, yakitazamana, kitovu chake sentimita 50 kutoka chini. Pitisha bomba, halafu ndipo uchomelee mabamba na zile nondo ukiwa umeshaliingiza. Ukichomelea kwanza, halipiti.

Sasa hapa. Weka pimamaji juu ya bomba, kiputo kikae katikati. Weka pimamaji kwenye bamba la kusimama, pande zote mbili. Halafu pima kutoka kila pini hadi ukingo wa pipa, kushoto na kulia, vilingane. Bana bamba kwa mbao mbili zilizofungwa kwa klempu juu ya mdomo wa pipa. Upande mmoja ukiwa juu kwa sentimita 2, pipa litaning'inia kombo maisha yake yote na pini zitagoma kuingia. Zege likishaganda, hakuna marekebisho.

Zege ni 1:2:4, saruji, mchanga, kokoto. Kujaza hadi sentimita 75 unahitaji lita 190 hivi: mfuko mmoja na robo wa saruji wa kilo 50, na maji kama lita 30. Liwe zito, lisitiririke. Mwaga kwa tabaka, ukizunguka pande zote, na chomachoma kwa nondo hewa itoke.

Ngoja. Sogeza kamera hapa. Mnaona kiputo? Kimekimbilia kulia. Zege limemwagwa upande mmoja, limesukuma bamba, na klempu imelegea. Ndiyo maana ninasisitiza: pima kabla, pima pipa likiwa nusu, pima likijaa, pima tena baada ya nusu saa. Gonga bamba taratibu kwa nyundo ya mpira... bado... hapo. Kaza klempu. Pima tena.

Funika kwa gunia bichi, nyunyizia maji kila siku, na usilinyanyue kabla ya siku 7.

Maji ya tairi, kwa haraka: inua trekta kwa jeki, valvu iwe juu kabisa, toa kiini chake, jaza hadi maji yafike usawa wa valvu. Hiyo ni kama asilimia 75. Juu ibaki hewa. Na vizito vya pua, vile vinavyofungwa mbele ya trekta, vikiwepo, viondoe unapotumia loda. Vinaitesa ekseli ileile tunayoipunguzia.

Kufunga: mikono ya chini, klipu, mkono wa juu, klipu. Kaza minyororo ya pembeni, pipa lisipige matairi. Nyanyua polepole mara ya kwanza ukitazama mkono wa juu usiguse ukingo wa pipa.

Kwenye mwendo, ndoo ibaki sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini, fremu ya kukukinga trekta likipinduka iwe juu na mkanda umefungwa. Kwenye mteremko weka gia ya magurudumu manne, ili ya mbele nayo yasaidie kushika. Ukikata kona, kumbuka pipa linafagia nyuma yako.

Ukimaliza, literemshe juu ya mbao mbili tambarare, siyo kwenye udongo. Likizama upande mmoja, kesho pini hazitaonana na mikono, na kilo 480 hazisukumwi kwa bega.