Nani Ajibu Simu Ukiwa Mwaloni

Mhadhara kwa wafanyabiashara wadogo wa dagaa na mawese, Kigoma Mjini

Ndugu zangu, akina mama wa Kibirizi na Katonga, wenye maduka wa Mwanga, vijana mliotoka Ujiji: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kuajiri msaidizi wa mtandaoni. Huyu ni mtu ambaye hakai dukani kwako, pengine hata hujawahi kumuona kwa macho, lakini anawajibu wateja wako WhatsApp, anaandika oda, anafuatilia mzigo uliopakia kwenye basi, anapandisha picha Instagram, anakutunzia hesabu. Wapo wanaoifanya kazi hiyo wakiwa Dodoma, Mwanza na Dar es Salaam, na wapo hapahapa kwetu, Kasulu na Kibondo.

Nianze na wasiomhitaji, maana naona ndio wengi humu ndani. Kama meseji zako za siku nzima unazimaliza wakati chai inachemka, usiajiri mtu. Kama shida yako ni kwamba wateja hawapo, msaidizi hatakuzalishia wateja. Atakaa na simu isiyolia, mwisho wa mwezi atadai chake, na atakuwa na haki. Anayemhitaji ni yule ambaye wateja anao na wanamponyoka.

Mnamjua huyo. Alfajiri mitumbwi inarudi mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, mama kajifunga khanga, anagombea dagaa wabichi na wenzake, wabebaji wanapiga kelele, simu iko kwenye mkoba imeviringishwa kitambaa isilowe. Saa moja asubuhi mteja wa Dar kaandika, "Dagaa wapo?" Dakika tano baadaye, "Bei gani kilo?" Saa moja na nusu, "Mama upo?" Mama anakuja kukaa chini saa kumi alasiri, dagaa keshawaanika, ndipo anajibu, "Wapo mwanangu." Mwanangu keshalipa kwa mtu mwingine. Mama huyu ndiye ninayemwambia atafute mtu.

Lakini asimtafute kesho. Kwanza akae na daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tumezoea kudhani daftari ni la madeni tu. Biashara zetu nyingi ziko kichwani mwa mwenyewe. Wewe unajua kwamba mbalamwezi ikiwa kali karabai na taa za sola haziwavuti dagaa, wavuvi wanapumzika, mzigo unakuwa haba na bei inapanda mpaka giza lirudi. Kijana wa Dodoma atajuaje? Mteja akimuuliza kwa nini wiki hii bei ni kubwa, atababaisha, au atasema "mtandao wa wasambazaji una changamoto", na mteja ataona anaongea na mtu asiyejua dagaa. Mwambie habari za mwezi. Mpe kalenda ya mwezi kabisa. Kumbukeni pia mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Aliyekuwa na jibu limeandikwa, kwamba tumefunga hadi tarehe fulani, wa akiba wamebaki kiasi hiki, ukitaka nikuweke kwenye orodha niambie, alibaki na wateja wake. Aliyekaa kimya walidhani kaacha biashara.

Kwa hiyo wiki nzima, kila swali la mteja liandike jinsi alivyoliuliza. Mtashangaa jinsi yanavyojirudia. Wana mchanga? Hilo ndilo la kwanza daima, na jibu lake liwe la kweli: kama unaanika kwenye chanja sema chanja, kama ni chini sema chini, na bei itofautiane. Mnapakia siku gani? Mzigo ukifika umelowa ni juu ya nani? Kwenye mawese, mteja wa Njombe au Arusha atakutumia picha ya dumu anasema umemuuzia mafuta mabovu, yameganda. Mawese yakipata baridi yanaganda, ndivyo yalivyo, aweke dumu juani au kwenye maji ya moto yatayeyuka. Jibu hilo ukiliandika mara moja, msaidizi hatakupigia simu tena kulihusu. WhatsApp ya biashara ina sehemu ya majibu ya haraka: unaandika alama ya mkwaju (/) na neno, tuseme /ganda, na jibu lote linajitokeza. Ina na lebo za kubandika kwenye kila mazungumzo, za oda mpya, ya anayesubiriwa kulipa, ya aliyelipa, ya oda iliyokamilika. Jioni unafungua lebo ya waliolipa, unajua nani apakiliwe kesho. Ni bure, na wengi mnayo kwenye simu hamjaigusa.

Mnaowauzia watu wa Kalemie, Uvira na Bujumbura mna jambo la ziada. Mteja wa Kongo atakuandikia Kiswahili chake, atachanganya na Kifaransa, na wa Burundi atateleza kwenye Kirundi. Msaidizi wa Dar mwenye Kiingereza kizuri hatakusaidia hapo. Binti wa Kasulu anayezungumza Kiha atamwelewa Mrundi bila shida, maana lugha hizo ni ndugu. Mimi ningemchukua huyo hata kama kompyuta yake ni ya zamani.

Sasa funguo. Hapa naomba tutulie.

Msaidizi hahitaji laini yako, na hahitaji namba yako ya siri ya M-Pesa, Airtel Money wala mtandao wowote. Akikuambia anaihitaji, mazungumzo yaishie hapo. Chukua laini ya pili, isajili kwa kitambulisho chako cha NIDA na alama zako za vidole, iwe ya biashara peke yake, ikae kwenye simu yako wewe. Yeye aunganishwe kama kifaa cha ziada. WhatsApp inaruhusu kuunganisha vifaa hadi vinne, na si lazima muwe chumba kimoja: upande wake inatokea alama ya herufi nane, anakusomea kwa simu, wewe unaziingiza kwenye simu yako. Tofautisheni hiyo na zile namba sita zinazokuja kwa SMS kwenye laini yako. Herufi nane zinatoka kwake kuja kwako, na unaziingiza pale tu umempigia mwenyewe na sauti yake umeitambua. Namba sita hazitoki kwako kwenda kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni mtandao wa simu. Simu yako ikikaa siku 14 bila kutumika, vifaa vilivyounganishwa vinajitoa vyenyewe, kwa hiyo usiitupe kabatini.

Nasisitiza laini ya pili kwa sababu kifaa kilichounganishwa kinaona mazungumzo yote. Ukimuunganisha kwenye namba yako ya siku zote, atasoma ya kikoba, ya shemeji, na ya mganga. (Kicheko.) Mnacheka, lakini mmeelewa.

Malipo yaingie kwenye lipa namba yako, na majibu ya malipo uyapokee wewe. Mteja atamtumia msaidizi picha ya meseji ya malipo. Picha si pesa. Meseji za kughushi mnazijua. Wekeni utaratibu wa neno moja: msaidizi anakutumia jina na kiasi, wewe unatazama simu yako, unajibu "imeingia". Bila neno hilo mzigo hauondoki, hata mteja alie machozi. Na wateja wako waambiwe mapema, kwenye maelezo ya akaunti, kwamba lipa namba ni hiyo moja na haitabadilishwa kwa meseji. Nchi nzima inawajua wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Siku orodha ya wateja wako ikivuja, hao ndio watakaowaandikia.

Orodha yenyewe ina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Majina, namba za simu na mahali wanapokaa wateja ni taarifa binafsi, anayezikusanya anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzilinda, na hawezi kusema aliyezitoa ni msaidizi. Andikeni kwenye mkataba kwamba orodha ni mali ya biashara, haikopiwi, na kazi ikiisha inafutwa.

Kumpata mtu mwenyewe sitaongea sana. Kitambulisho, wadhamini wawili unaoweza kuwapigia, barua ya serikali ya mtaa anakoishi, kama ambavyo mngefanya kwa muuza duka. Kisha mjaribu, na siku za majaribio mlipe. Mtumie meseji kumi za kweli kutoka kwenye daftari lako, ufiche majina, aandike angejibuje. Usitazame Kiswahili kitamu. Tazama kama asipojua anauliza au anabuni. Anayebuni bei kwenye majaribio atabuni na kwenye kazi. Kwenye punguzo mpe bei ya chini asiyoruhusiwa kuvuka, vinginevyo mteja wa Kariakoo atambembeleza mpaka mkapate hasara.

Upande wa malipo yake, wengine hulipa kwa saa, wengine kwa mwezi. Kulipa kwa oda peke yake sikupendi, kunamfanya akimbilie wanunuzi wakubwa na kumwacha bibi anayetaka kilo mbili. Bando ni gharama ya biashara, usimwachie. Na msidhani kwamba kwa kuwa yuko mbali sheria ya kazi haimhusu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 ina vigezo vya kumtambua mwajiriwa, na kimoja kikitimia kinatosha kumhesabu hivyo mpaka ithibitishwe vinginevyo: unampangia saa, au anakutegemea wewe kwa kipato, au amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Saa mbili kila siku zinakufikisha huko. Akiwa mwajiriwa kuna mkataba wa maandishi, kuna likizo, kuna NSSF ya asilimia 20 ya mshahara, na katika hiyo yeye hakatwi zaidi ya 10.

Kuna mkono pale nyuma. Naam mama.

Mama anauliza, kwa nini asimpe mtoto wa dada yake aliye chuo Dodoma, ampe na pesa ya matumizi, yaishe? Mpe mama, hakuna ubaya. Ila mpe kwa mkataba na mshahara, tofauti na pesa ya matumizi. Ukivichanganya, siku hakujibu wateja utashindwa kumsema kwa sababu ya dada yako, na siku hukumlipa yeye atashindwa kudai kwa sababu wewe ni mama yake mdogo. Na mitihani ikifika, nani atajibu? Muulizane hilo leo, si Juni.

Wewe kijana? Akiondoka vibaya, unafanyaje? Unafungua vifaa vilivyounganishwa, unamtoa, ni jambo la dakika moja. Unabadilisha nywila ya Instagram na ya barua pepe, maana akaunti hizo zinarudishwa kupitia barua pepe, na aliyeishika barua pepe ameshika zote. Unamlipa siku alizofanya. Halafu unawaandikia wateja wenyewe, kwa jina lako, kwamba fulani hayupo tena na lipa namba ni ileile. Fanya yote siku hiyohiyo, kabla ya kulala.