Manjano Isikudanganye, Tazama Jani

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Mliokaa nyuma sogeeni mbele kidogo, maana nimekuja na vitu vya kuonyesha.

Tazameni matawi haya mawili ya mawaridi ya manjano. Hili la mkono wa kushoto lina ua moja kubwa, la manjano iliyokolea, na chini ya ua ni fimbo tupu: majani yamepukutika yote. Hili la kulia maua yake ni madogo, lakini limevaa majani tangu juu hadi chini, nayo yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Nanyi mngenunua lipi? ... Nimeona mikono. Wengi la kushoto. Msione haya, hata mimi nililinunua. Nilifika kitaluni, nikaliona ua, nikatoa pesa. Majani sikuyatupia hata jicho.

Mtaniuliza, kwani mawaridi mekundu hayaugui? Yanaugua. Lakini manjano ina ukoo wake. Zamani bustani za Ulaya zilikuwa na mawaridi mekundu, meupe na ya pinki. Baadaye yakaja ya manjano hafifu kutoka China. Manjano ile kali, inayokuita kutoka mbali, ilikuwa kwa Rosa foetida, waridi la Asia Magharibi. Hilo neno foetida ni Kilatini, maana yake "lenye kunuka", na aliyelipa jina hakulionea. Katika miaka ya 1880 Mfaransa mmoja wa Lyon, Joseph Pernet-Ducher, alianza kulichanganya waridi la manjano la ukoo huo na mawaridi mekundu ya bustani. Ilimchukua miaka mingi. Mwaka 1900 akatoa 'Soleil d'Or', na kutoka hapo manjano kali ikaenea katika mawaridi ya kisasa.

Sasa, bibi harusi huyo, Rosa foetida, hakuja peke yake. Alikuja na mzigo, na mzigo wenyewe ni udhaifu mbele ya ugonjwa wa madoa meusi. Mnaujua: doa jeusi lenye kingo zilizochanikachanika, jani linageuka njano pembeni mwa doa, kisha linaanguka. Ni kuvu. Ili aingie anahitaji jani libaki limelowa kwa muda wa karibu saa saba mfululizo. Ndiyo maana mtu anayemwagia mwaridi wake maji juu ya majani jioni anamtandikia mgeni kitanda. Mwagia shinani, asubuhi, na majani yaliyoanguka uyaokote, usiyaache pale chini yakawa mbegu ya ugonjwa.

Wazalishaji wamehangaika na mzigo huo miaka mingi, na wamefika mbali. Aina kama 'Julia Child' ya Marekani, iliyoingia sokoni mwaka 2006, ina kimo cha chini, umbo la duara, rangi ya siagi, na majani yake yanastahimili vizuri. Kwa anayeanza, mimi humpa hiyo kabla ya nyingine yoyote. Tawi hili la kulia ni lake.

Jambo la pili ni kupauka. Manjano ya waridi inatokana na karotenoidi, rangi za jamii ileile iliyomo kwenye karoti, na katika aina nyingi jua huzila haraka. Unaona tumba kama dhahabu, siku ya tatu unakuta ua la rangi ya maziwa. Kwa hiyo ukienda kununua, acha tumba, tafuta ua lililozeeka kuliko yote kwenye mti uliotangulia kuchanua. Hiyo ndiyo rangi utakayoishi nayo. 'Arthur Bell' ya mwaka 1965 hupauka hivyo, nami sijaing'oa, kwa sababu harufu yake inanifikia kabla sijafungua mlango. 'Friesia' yenyewe inashika rangi yake vizuri zaidi, na inanukia pia.

Hapo kwenye 'Friesia' niwape kichekesho. Nilikuwa na 'Korresia' miaka kadhaa, nikaipenda, nikasema niongeze aina nyingine ya manjano. Nikanunua 'Friesia'. Zikachanua, nikazitazama, nikazitazama tena... ni waridi lilelile! Huko Marekani lina jina la tatu, 'Sunsprite'. Hata 'Julia Child', ukifika Uingereza linaitwa 'Absolutely Fabulous'. Basi kwenye kibandiko tafuteni jina la usajili, lile lisilotamkika. Mara nyingi huanza na herufi kubwa tatu za mzalishaji: KOR ni Kordes wa Ujerumani, AUS ni David Austin wa Uingereza. Majina ya kuuzia hubadilika, hilo halibadiliki.

Na hiyo AUS inanikumbusha 'Graham Thomas', ya mwaka 1983, AUSmas kwenye kibandiko. Ua lake ni kama kikombe kilichojaa petali, manjano iliyoiva. Lakini angalieni nafasi: penye baridi ni kichaka cha kawaida, penye joto hurefuka mpaka ukalazimika kuuegemeza ukutani kama mtambaaji.

Mwenye ukuta hasa, na mwenye subira, namshauri Rosa banksiae ya manjano. Karibu haina miiba, na hupanda mita sita na zaidi. Kasoro yake huchanua mara moja tu kwa mwaka, kwenye matawi ya zamani. Anayeipogoa kabla ya kuchanua amekata maua ya mwaka mzima, kisha anakuja kunilalamikia. Pogoa mara tu maua yakiisha.

'Peace', yaani waridi la 'Amani', sikuisahau, mama pale mbele. Ilipewa jina hilo tarehe 29 Aprili 1945. Wengine husema ndiyo siku Berlin ilipoanguka. Sivyo, Berlin ilisalimu amri tarehe 2 Mei. Ni manjano yenye kingo za pinki, ua kubwa la fahari. Ipande penye jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku na upepo wa kutosha, maana madoa meusi nayo yanaipenda.

Haya, pitisheni hili la kulia mkono kwa mkono, mguse majani na mnuse. La kushoto nitalichoma nikifika nyumbani. Msiniombe kipandikizi.