Mlio wa "Ko!" Chini ya Pikapu: Difu Ihukumiwe Mwisho

Asanteni, ndugu zangu. Moja kwa moja kwenye mlio wenyewe. Pikapu iliyotumika, unatia rivasi, chini inalia "ko!" Unaachia mafuta ukikaribia tuta, "ko!" tena. Wengi mkiusikia mnasema difu, ile nyumba ya gia katikati ya magurudumu ya nyuma, imekufa. Naona mzee wangu pale nyuma anatikisa kichwa, nivumilie kidogo. Sauti husafiri kwenye chuma. Krosi ya mbele, kile kiungo cha umbo la msalaba kwenye shafti inayopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi difu, ikigonga, shafti nzima inaubeba mlio hadi nyuma, na aliyekaa ndani ataapa unatoka kwenye difu. Sikio litakwambia inagonga lini. Inagonga wapi, hilo ulize mkono.

Hilo la "lini" lisidharauliwe. Ikigonga mara moja unapobadili gia, au unapokanyaga na kuachia mafuta, kuna kitu kimelegea. Ila angalia kwanza kama injini haizunguki kwa kasi mno bila kukanyagwa, maana hapo hata gari zima hugonga. Ikigonga gari likishasimama kabisa, au linapoanza kuondoka, shuku meno ya kuteleza ya shafti. Springi za nyuma zikijikunja, shafti inatakiwa iteleze. Grisi ikikauka, inang'ang'ania kisha inaachia kwa kishindo. Hapo grisi mara nyingi inatosha. Na kama inagonga kwenye mashimo tu, achana na shafti, kaangalie bushi za springi, shokapu na yu-bolti.

Sasa chini. Weka kabari tairi za mbele, mbele na nyuma yake. Msijidanganye na P, ile gia ya kuegesha ya otomatiki, au gia ya kwanza: ukiinua gurudumu moja tu la nyuma, difu ya kawaida italiacha hilo lizunguke hewani huku mwenzake akibingirika na gari. Na shafti ikishafunguliwa, P haishiki tena magurudumu ya nyuma.

Injini imezimwa, gia nyutro, handibreki juu. Shika krosi ili vidole viguse yoki, zile uma za chuma zinazoishika, zote mbili kwa pamoja, kisha zungusha shafti huku na huku, isukume juu na chini. Yoki moja ikitangulia nyingine, hata kwa unywele, krosi imekwisha. Krosi isiyochakaa haina mchezo, yaani ulegevu, wa kuhisika. Tazama pia vikombe vyake: vumbi jekundu la kutu maana yake beringi za sindano zinasagika kavu. Shafti ya vipande viwili, kagua na raba ya senta beringi, ile inayoishika katikati.

Yoki zikienda pamoja, fuata mchezo hadi kwenye pinioni, gia ndogo inayoingiza mzunguko kwenye difu. Hapa ndipo watu huuziwa difu wasizozihitaji. Pinioni yenye afya nayo hucheza! Uwazi kati yake na krauni, gia kubwa inayoizungusha, ni mdogo sana, mara nyingi milimita 0.1 hadi 0.2 hivi, lakini mkono wako kwenye shafti haupimi huo peke yake. Unapima pia gia ndogo za ndani na meno ya eksili, vyuma vinavyozungusha magurudumu, tena yote yakiwa yamezidishwa. Difu ya uwiano wa 4.1, digrii 1 ya ulegevu kwenye eksili zote mbili inakuja mkononi kama digrii 4 na ushee. Kwa hiyo shafti kuzunguka digrii chache si kesi. Kesi ni pinioni inayopanda na kushuka, au kuingia na kutoka: beringi hiyo. Fungua nati ya kumwagia oili, angalia sumaku. Uji laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vyenye ncha ni meno.

Maunti, zile raba zinazoshikilia injini na giaboksi, ni rahisi: boneti wazi, injini ikiwaka, mwenzako akanyage breki sana, abadili D na R, wewe ukitazama kutoka ubavuni, kamwe usisimame mbele. Injini ikiruka, umeshapata.

La mwisho, piga alama kabla ya kufungua shafti, hasa ile inayoachana kwenye meno ya kuteleza. Krosi iliyoinama huifanya shafti iongeze na kupunguza kasi mara mbili kila mzunguko, na krosi ya upande wa pili hufuta tofauti hiyo ikiwa tu yoki zimekaa sambamba. Ukirudisha kwa kukisia, mlio utaisha, mtetemo utaanza, na mwenye gari atarudi kukuuliza umemfanyia nini.