Barafu Kwanza, Bunduki Baadaye: Safari ya Nguruwe Mwitu Texas

MWITA: Karibuni kipindini. Leo tunaongea na nyinyi mlioko Marekani, hasa Houston, Dallas, Fort Worth na miji ya jirani, mnaotamani kuingia porini mkarudi na nyama ya nguruwe mwitu. Dada Upendo, tuanzie wapi?

UPENDO: Kwa nguruwe mwenyewe, kaka Mwita, maana jina linawapoteza watu. Mtu wa kwetu akisikia nguruwe mwitu anafikiria ngiri. Huyu si ngiri. Ni nguruwe wa kufugwa aliyerudi porini, tangu enzi za Wahispania, halafu miaka ya 1930 wakaletwa nguruwe pori wa Ulaya kwa ajili ya uwindaji, damu zikachanganyika. Mimba yake ni siku 115 hivi, na kundi moja linaweza kufukua shamba la mahindi kwa usiku mmoja. Ndiyo maana Texas haijaweka msimu wa kuwawinda wala kikomo cha idadi.

MWITA: Tena tangu Septemba 1, 2019, kwenye ardhi ya mtu binafsi huhitaji leseni ya uwindaji kwa ajili ya nguruwe, uwe mkazi au mgeni, mradi mwenye shamba amekuruhusu. Ardhi ya umma ni habari nyingine. Huko leseni ni lazima.

UPENDO: Hapo pana mtego. Sheria ya shirikisho inamkataza aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya utalii au ya masomo, kushika bunduki au risasi. Mojawapo ya njia anazoruhusiwa ni kuwa na leseni hai ya uwindaji ya jimbo lolote la Marekani. Kwa hiyo nguruwe hadai leseni, lakini bunduki inaidai. Mwenye viza ya namna hiyo aikate kabla hajagusa chochote. Mwenye kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, katazo hilo halimhusu.

MWITA: Na anayekuja kwa ndege na bunduki yake?

UPENDO: Iwe tupu, ndani ya sanduku gumu lenye kufuli, aitangaze kaunta na iende na mizigo ya chini. Lakini kwa safari ya kwanza ningemshauri aazime ya mwenyeji. Nafasi ile ya mzigo abebe deli, lile sanduku la kutunzia baridi.

MWITA: Deli ndilo neno la leo.

UPENDO: Ndilo. Watu hubishana wiki nzima kuhusu risasi, .308 au 6.5 Creedmoor, na zote mbili zinatosha. Barafu wanaikumbuka saa nne usiku, duka la karibu liko kilomita 40. Nguruwe wa kilo 60 anataka madeli mawili makubwa na mifuko mitatu ya barafu ya kilo tisa tisa, tayari kabla hujapanda dunguni. Na nenda Desemba hadi Februari. Agosti Texas joto la mchana linaweza kupita nyuzi 38, na usiku halishuki vya kutosha kukusaidia.

MWITA: Mwenyeji aulizwe nini kabla ya kulipa?

UPENDO: Nguruwe ni wa porini kweli au wamefungiwa ndani ya ua? Nyama yote ni yangu? Kuna mahali pa kuning'iniza, kuchuna, na chumba cha baridi? Nguruwe wa pili analipiwa? Uwindaji wa helikopta upo na ni halali, ila mtu wa nyama haumfai. Mizoga mingi hubaki palepale ilipoangukia.

MWITA: Tumeshakaa dunguni sasa, mita 50 hadi 80 kutoka kwenye mashine inayomwaga mahindi. Nguruwe haoni vizuri, lakini pua yake haina mchezo. Upepo utoke kwake uje kwako. Upepo ukigeuka ukampelekea harufu yako, shuka, hamia dungu lingine, maana hapo hutaona kitu.

UPENDO: Na kama unatumia darubini ya joto, ile inayoona joto la mwili gizani, subiri hadi uone umbo zima. Usiku ndama aliyelala anaweza kukudanganya. Angalia pia kilicho nyuma ya nguruwe, ardhi au nyumba. Ukishawatambua, acha dume kubwa lenye meno nje. Chagua jike au kijana wa kilo 30 hadi 60. Dume zee lina ngozi ngumu kama ngao mabegani, na nyama yake mara nyingi inanuka beberu. Kama umeshampiga, kaanga kipande cha mafuta kwanza unuse. Harufu hiyo haitoki kwa ndimu wala siki.

MWITA: Kulenga ndipo waliozoea kulungu wanapokosea. Wanalenga nyuma ya bega. Kwa nguruwe, moyo na mapafu vimekaa mbele na chini, kati ya miguu ya mbele. Ukipiga nyuma ya bega unapasua tumbo, nyama inachafuka, na mnyama anakimbilia kichakani. Akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, simama theluthi ya chini ya mwili. Akijeruhiwa akakimbia, subiri nusu saa, na usimfuate peke yako gizani.

UPENDO: Akianguka, glovu kabla ya kisu. Nguruwe hawa hubeba brusela, jamii ya ule ugonjwa wafugaji wanaouita wa kutupa mimba, na unaingia kupitia mkwaruzo mdogo tu. Ning'iniza kwa miguu ya nyuma, pasua ngozi ya tumbo juujuu, vidole viwili vikiutenga utumbo na kisu. Funga njia ya haja kwa kamba. Kibofu kisipasuke. Kisha chuna mara moja. Nyumbani tumezoea kubabua ngozi na kuibakiza, lakini huku ngozi na mafuta vinafungia joto, na nyama inaanza kuoza ndani, kwenye mfupa wa paja, huku nje inaonekana safi.

MWITA: Na mafuta yakiwa ya bluu?

UPENDO: Acha mzoga wote, mwambie mwenye shamba. Texas kuna chambo cha sumu ya waferini kinachoruhusiwa, kimetiwa rangi hiyo makusudi ili mwindaji aone.

MWITA: Ndani ya deli, barafu chini, wavu juu yake, nyama juu ya wavu, kizibo cha maji kikiwa wazi. Nyama isiogelee. Lengo ni chini ya nyuzi 4.

UPENDO: Ukifika nyumbani, sarara kaanga, mapaja na mabega pika polepole. Kila kipande kifike nyuzi 71 katikati, upime kwa kipimajoto. Friza haiui brusela, na minyoo ya trikinela ya wanyama wa porini mingine inavumilia baridi. Kwa hiyo hakuna mishikaki ya kuiva nusu.

MWITA: Mabaki tumpe mbwa?

UPENDO: Mabichi, hapana kabisa. Kuna virusi vya nguruwe ambavyo ni nadra sana kumpata mtu, lakini mbwa vinamuua ndani ya siku chache.