Baada ya tonado, ufagio ungoje kwanza

Habari zenu huko nyumbani, Dar, Mombasa, Bukavu, Bujumbura, na ndugu zetu mlio hapahapa Marekani. Leo tuko Bowling Green, Kentucky, mji wenye wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa Wakongomani waliokuja kama wakimbizi. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021, saa saba imeshapita, tonado, yaani nguzo ya upepo unaozunguka kwa kasi, ilikatiza mitaa ya huku kwa upepo wa kilomita kama 265 kwa saa. Usiku uleule nyingine ilipiga Mayfield, magharibi ya hapa. Ile ilisafiri zaidi ya kilomita 260 na kuua watu 57.

Tukionyesha picha zake, swali lenu la kwanza ni lilelile: Wamarekani na pesa zao zote, kwa nini wanajenga kwa mbao?

Tazameni hapa. Hii ni mbao ya mbili kwa nne, ukutani zinasimamishwa kila baada ya sentimita 40. Mbao yenyewe haina kosa, kosa liko kwenye maungio. Nyumba nyingi za zamani, pale kenchi inapokalia ukuta, zina misumari miwili mitatu iliyopigwa kimshazari, basi. Upepo unavunja dirisha au mlango wa gereji, unaingia na kusukuma paa kutoka chini, na ule unaopita juu unalinyonya. Paa likishatoka, kuta zimebaki bila kinachozishika, nazo zinalala. Hiki kibati kidogo mkononi mwangu kinafunga kenchi kwenye ukuta kwa misumari pande zote mbili. Bei yake ni dola chache. Na ninyi wa nyumba za tofali msicheke sana: tofali bila nondo wala lenta, mabati juu ya papi kwa misumari mitupu, nayo yangeondoka. Tena tofali likikuangukia ni zito kuliko jipsamu.

Swali la pili: asubuhi yake watu wanafanya nini? Kwetu jibu linajulikana. Majirani wanafika na mafagio, mapanga na toroli, na kufika jioni uwanja ni mweupe. Moyo huo ni mzuri, ila huku unaweza kukukosesha maelfu ya dola. Ufagio ungoje.

Kwanza gesi. Ukisikia harufu ya mayai viza, usiwashe taa, usizime taa, usipige simu ukiwa ndani. Toka, nenda mbali, piga 911. Kama hakuna harufu na mita unaifikia salama, hii hapa valvu yake: shika na spana, zungusha robo tu mpaka kile kishikio kikae msalaba na bomba. Ukishafunga, kufungua si kazi yako tena, ni ya kampuni ya gesi. Waya ulioanguka kaa nao mbali angalau mita 10, hata kama mtaa mzima hauna umeme, kwa sababu jenereta ya jirani aliyoichomeka vibaya inaweza kuurudishia umeme. Jenereta yenyewe ikae nje, mita 6 kutoka nyumbani, moshi uelekee kwingine. Moshi wake una gesi isiyo na harufu. Inaua watu usingizini wakati dhoruba imeshapita.

Pili, simu mkononi, maana bima itataka ushahidi. Piga picha kila chumba kutoka pembe nne, halafu vitu kimoja kimoja: jokofu, kisha ile namba ndogo nyuma yake. Video moja ndefu ukitembea huku unataja vitu nayo inasaidia. Hapo ndipo unaanza kugusa.

Tatu, turubai, na hili haliwezi kusubiri mpimaji wa bima. Mkataba wa bima unakudai uzuie hasara isiongezeke. Mvua ikinyesha wiki nzima kwenye paa wazi, wanaweza kukataa kulipia kuvu, na kuvu huanza ndani ya siku moja au mbili. Turubai livuke kofia ya paa lishuke upande wa pili kama mita moja na robo. Kosa la wengi ni kupigilia misumari kwenye turubai lenyewe, na upepo wa kwanza unalichana palepale penye tundu. Chukua ubao, viringisha ukingo wa turubai juu yake mara mbili, halafu kaza kwa skrubu mpaka kwenye mbao za chini. Paa likiwa limelegea, usipande. Tunza risiti ya turubai, ya skrubu, hata ya chumba cha hoteli.

Gari je? Wengi wetu tunakata ile bima ndogo, inayolipa hasara ya mwenzako tu, kwa sababu ni nafuu. Mti ukiangukia gari, bima ndogo hailipi hata senti. Na mpangaji ajue bima ya mwenye nyumba inalipa nyumba. Godoro lako na televisheni yako havimo, mpaka uwe na bima yako ya mpangaji.

Sasa FEMA, shirika la serikali kuu la maafa. Rais akishatangaza maafa kwa kaunti yenu, unajiandikisha kwenye tovuti yao au kwa simu 1-800-621-3362, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Mkimbizi, aliyepewa hifadhi na mwenye green card wanaweza kuomba, si lazima uwe raia. Anza na bima, kwa sababu FEMA hailipi kilicholipwa na bima na itataka barua ya kampuni ya bima. Kinachowaumiza watu wetu ni anwani moja yenye familia mbili. Wa kwanza anajiandikisha, wa pili mfumo unamwona kama marudio. Toeni mapema uthibitisho kwamba mnajitegemea. Barua ya FEMA ikisema hustahili, isome mpaka chini. Mara nyingi imepungua karatasi moja tu, na una siku 60 tangu tarehe ya barua kukata rufaa. Mkaguzi wao haombi pesa. Anayeomba ni tapeli, sawa na fundi anayegonga mlango akitaka usaini fedha zote za bima ziende kwake.

Baada ya hapo, haya, mafagio. Takataka zipelekwe kando ya barabara kwa mafungu: matawi peke yake, vifusi vya ujenzi peke yake, majokofu na majiko peke yake, rangi na betri peke yake. Ukichanganya, lori linapita bila kuzichukua. Usirundike chini ya nyaya wala juu ya mita ya maji. Vaeni buti za soli ngumu, misumari iko kila mahali.

Na viongozi wa makanisa na misikiti, wekeni daftari: jina, saa za kuanza na kumaliza, mahali, kazi. Saa za kujitolea zinaweza kuhesabiwa kama sehemu ya mchango ambao mji unadaiwa ili serikali kuu ilipe gharama za usafishaji. Vijana 40 wanaofanya kazi Jumamosi nzima bila daftari, mji haupati kitu.

Ninyi wa nyumbani, siku hiyo msipige simu. Mtandao unajaa, lakini ujumbe mfupi unapenya. Andikeni "mko wapi, mko wangapi", kisha mngoje. Anayejibu ana asilimia 20 za chaji, na bado hajapiga picha za jikoni.